Ua la sebuleni halijazwi kwa maji, hujazwa kwa mkasi

SIKU lilipotoka kwa muuza maua lilikuwa limejaa hata udongo hauonekani. Miezi minane baadaye zimebaki kamba mbili ndefu zilizoning'inizwa kwenye misumari juu ya televisheni. Majani yameachana, moja hapa na jingine kule, na katikati ya chungu ni udongo mtupu.

Kila mtu nyumbani ana ushauri wake. Baba anasema limezeeka, litupwe. Mama anaongeza maji. Shangazi aliyekuja kutembea anashauri limwagiwe maji yaliyooshea mchele. Wiki zinapita, kamba zinazidi kurefuka, na chungu kinabaki na upara.

Ninalizungumzia ua lile linalotambaa, lenye majani ya umbo la moyo, ya kijani yenye mabaka ya njano. Wapo wanaoliita mmea wa pesa, na wapo wanaoliita potosi. Wataalamu wa mimea wanaliita Epipremnum aureum. Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika Bahari ya Pasifiki, lakini leo utalikuta saluni, ofisini, mapokezi ya hoteli na sebuleni kwa jirani.

Habari njema ni kwamba ua hilo halijazeeka na wala haliumwi. Linaweza kujaa tena bila wewe kununua jingine. Ila kwa kuwa ukurasa huu unasomwa na wazazi, nitaeleza namna ya kulijaza huku tukimtazama mtoto aliye sakafuni. Karibu kila hatua ya kazi hii inapita mahali ambapo mkono wake unafika: kamba anayoweza kuivuta, utomvu anaoweza kuulamba, na maji yanayoweza kuzalisha mbu.

Kwa nini linarefuka badala ya kujaa

Sababu ya kwanza ni mwanga. Mmea unaokaa kwenye kiza hunyoosha shingo kuutafuta mwanga. Nguvu yake yote inakwenda kurefusha shina, nafasi kati ya jani na jani inakuwa kubwa, na majani mapya yanatoka madogo. Hata yale mabaka ya njano hupungua. Sehemu ya njano haina rangi ya kijani ya kutosha kutengeneza chakula, kwa hiyo mmea wenye njaa ya mwanga huongeza kijani na kupunguza mapambo.

Sababu ya pili ipo kwenye ncha. Ncha ya kila tawi hutengeneza homoni inayoitwa oksini, ambayo hushuka kwenye shina na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Maadamu ncha ipo, macho yanalala. Ncha ikikatwa, zuio linalegea, na jicho lililo karibu na pale palipokatwa linaamka.

Aliyewahi kulima mchicha au matembele nyuma ya nyumba analijua hili bila kusoma kitabu. Ukikata kilele cha mchicha badala ya kuung'oa, baada ya siku chache unachipua pembeni. Matembele nayo, kadiri unavyochuma ncha ndivyo tuta linavyofunga. Mboga tunazikata bila huruma kwa sababu tunataka kula. Ua la sebuleni tunalionea huruma, na ndiyo maana linabaki kamba.

Anza na mwanga

Usikate chochote kabla ya kurekebisha mwanga. Ukikata ua lililo kwenye kona yenye kiza, chipukizi litakalotoka nalo litarefuka vilevile, na utakuwa umepoteza majani bure.

Kipo kipimo rahisi kisichohitaji kifaa. Saa sita mchana, nyoosha mkono wako juu ya ua, kama urefu wa rula moja kutoka kwenye majani. Ukiona kivuli cha mkono chenye kingo zinazoonekana vizuri, mwanga unatosha. Kivuli kikiwa na ukungu, mwanga ni wa wastani, ua litaishi ila litajaa polepole. Usipoona kivuli kabisa, hapo ni mahali pa picha ya ukutani, si pa mmea.

Nyumba zetu nyingi zina madirisha yenye nondo, wavu wa mbu, kioo cheusi na pazia zito, vyote kwa pamoja. Kila kimoja kinapunguza mwanga. Hatua mbili kutoka dirishani zinaweza kuonekana angavu kwa macho yetu, kwa kuwa macho huzoea kiza, lakini kwa mmea tofauti ni kubwa. Lisogeze chungu hadi liwe karibu na dirisha, ndani ya mita moja hivi, na mchana fungua pazia. Baraza yenye kivuli pia ni mahali pazuri.

Jua kali la moja kwa moja silo linalotakiwa. Potosi kwao hukua chini ya miti mikubwa, na jua la saa saba mchana litaunguza majani yake yabaki na madoa ya kahawia. Lihamishe taratibu, na kila wiki ligeuze chungu robo mzunguko ili pande zote zipate zamu. Ukiweza, futa vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye maji. Vumbi la barabarani ni pazia jingine.

Kabla ya kushika mkasi, mtoto yuko wapi?

Potosi ina utomvu wenye fuwele ndogo sana za kalsiamu oksaleti, zenye umbo la sindano. Mtu akitafuna jani, sindano hizo huchoma midomo, ulimi na koo.

Kama umewahi kula magimbi ambayo hayakuiva vizuri na koo likawasha, tayari umeonja kinachozungumzwa. Magimbi na potosi ni ndugu wa ukoo mmoja, na kinachowasha ni fuwele za aina hiyohiyo. Tofauti ni kwamba magimbi tunayachemsha hadi yaive, na mtoto wa miezi kumi hachemshi jani kabla ya kulitia mdomoni.

Ndugu wengine wa ukoo huu pia wamo majumbani mwetu. Difenbakia, lile ua lenye shina nene na majani mapana yenye madoa meupe, ni kali kuliko potosi. Monstera yenye majani yaliyotoboka, filodendro na kaladiamu nazo zina fuwele hizo. Ukipewa kipande na rafiki, uliza jina lake kabla hujampa nafasi sebuleni.

Mtoto akitafuna jani, kwa kawaida hulia, hutoa udenda mwingi, midomo inavimba kidogo na anakataa kula. Mara nyingi hali hupungua yenyewe baada ya muda, kwa sababu uchungu wenyewe humfanya ateme mapema. Fanya hivi:

Toa mabaki ya jani mdomoni kwa kidole kilichozungushiwa kitambaa safi chenye maji. Msafishe midomo na mikono. Kama anameza vizuri, mpe maji baridi au maziwa kidogokidogo. Usimtapishe, si kwa kidole wala kwa maji ya chumvi, kwa sababu kinachochoma kitapita kooni mara ya pili. Utomvu ukiingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha mpeleke akaangaliwe.

Mwahishe kituo cha afya bila kusubiri ukiona anapumua kwa shida, sauti imekwaruza ghafla, ulimi umevimba, anashindwa kumeza hata mate yake, au anatapika mfululizo. Nenda na kipande cha ua hilo ili mhudumu aone ni mmea gani.

Hatari ya pili haina uhusiano na sumu. Kamba ndefu inayoshuka kutoka kwenye rafu, kwa mtoto anayejifunza kusimama, ni kitu cha kushika. Akiivuta, chungu cha udongo kilichojaa maji kinakuja naye. Hapa ndipo hamu ya mzazi ya ua zuri na usalama wa mtoto vinapokutana: ua fupi lililojaa halina kamba ya kuvutwa. Kwa hiyo mkasi unafanya kazi mbili kwa mara moja.

Siku ya kukata, fanya kazi hiyo mtoto akiwa amelala au yuko na mtu mwingine. Tandika gazeti, okota kila jani lililoanguka, osha mkasi, kisha osha mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba au kumnyonyesha. Mwelekeze na dada anayekusaidia kazi, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayefagia majani na ndiye anayebaki na mtoto.

Kata wapi

Litazame shina kwa karibu. Kila jani linapoungana na shina pana fundo, na kwenye fundo hilo utaona kijinundu cha kahawia. Hicho ndicho mzizi unaosubiri. Jicho la kuchipua nalo lipo hapohapo, kwenye kwapa la jani. Sehemu laini iliyo kati ya fundo na fundo haina jicho, na haiwezi kutoa tawi.

Kanuni ni ileile ya muhogo na muwa: bila fundo hakuna mche. Wengi hukata jani moja zuri pamoja na kikonyo chake tu, wakalitia kwenye glasi ya maji, na miezi mitatu baadaye bado ni jani moja. Linaweza kubaki kijani, linaweza hata kutoa mizizi, lakini halitakuwa mmea, kwa kuwa halina jicho.

Kwenye ua mama, kata kama nusu sentimita juu ya fundo. Chagua fundo lililo karibu na udongo, sentimita tano au kumi hivi kutoka kwenye chungu, kwa sababu chipukizi litatoka hapo, nawe unataka lijaze katikati. Ukikata ncha tu ya kamba yenye urefu wa mita mbili, chipukizi litatoka mita mbili mbali na upara.

Usikate kamba zote siku moja. Acha angalau theluthi mbili ya majani, ili mmea uwe na pa kutengenezea chakula cha kuchipulia. Kama una kamba tatu, kata moja leo, na nyingine ukishaona ya kwanza imechipua. Kwenye joto letu, jicho likipata mwanga mzuri huanza kuvimba baada ya wiki mbili hadi nne.

Siri ya chungu cha muuza maua

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Wanakata, wanasubiri, na kila kamba iliyokatwa inatoa chipukizi moja, labda mawili. Mchicha ungetoa matano. Wanaona ushauri umewadanganya.

Ukweli ni kwamba potosi si mmea wa kutawanya matawi mengi. Na chungu kile ulichokinunua kikiwa kimejaa hakikujazwa na mmea mmoja. Chomoa ua lolote jipya utazame chini: utakuta mashina sita, nane, wakati mwingine zaidi, kila moja na mizizi yake. Ni pingili nyingi zilizochomekwa pamoja. Muuza maua hakuwa na mbolea ya ajabu, alikuwa na pingili nyingi.

Kwa hiyo ile kamba uliyoikata usiitupe. Huo ndio ujazo wa chungu chako. Ikate vipande vyenye fundo moja au mawili, kila kipande na jani lake. Kamba ya mita mbili inaweza kukupa vipande zaidi ya kumi. Kwa kuwa ua hili ni nadra sana kuchanua na kutoa mbegu likiwa nyumbani, karibu kila potosi unayoiona mjini ilianza hivihivi, kipande kutoka kwa kipande.

Una njia tatu za kuvirudisha vipande hivyo.

Ya kwanza ni kuchomeka moja kwa moja kwenye udongo wa chungu kilekile, pale penye upara. Fundo liingie udongoni, jani libaki juu. Weka udongo uwe na unyevu, si matope, kwa wiki tatu au nne. Chungu chenye upana wa sentimita 15 kinatosha pingili sita hadi nane.

Ya pili ni kutotoa mizizi kwenye maji kwanza. Fundo lizame, jani lisizame. Mizizi ikifika urefu wa sentimita tatu hadi tano, baada ya wiki mbili hadi nne hivi, hamishia kwenye udongo. Usisubiri hadi mizizi ijaze chupa, kwa sababu mizizi iliyozoea maji kwa muda mrefu hupata tabu kuzoea udongo.

Ya tatu ni ya wale wanaoogopa mkasi. Chukua kamba ndefu, izungushe juu ya udongo ndani ya chungu kama unavyokunja waya, halafu bana mafundo yaguse udongo kwa vibanio vya nywele. Kila fundo linaloguswa na udongo wenye unyevu lina nafasi ya kutoa mizizi na kuchipua. Baada ya miezi miwili upara unafunikwa, na kamba ya kuvutwa na mtoto haipo tena. Vibanio ving'oe mizizi ikishashika, na uvihesabu, kwa sababu kibanio kilichoanguka sakafuni kitaishia mdomoni.

Chupa ya maji dirishani

Njia ya pili ndiyo inayopendwa, kwa sababu chupa yenye mizizi inapendeza. Ndiyo pia inayohitaji uangalizi, hasa kwa wanaoishi mijini ukanda wa pwani.

Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hapendi mitaro michafu. Anapenda maji safi yaliyotulia kwenye vyombo vidogo: ndoo, tairi, kifuu, kisahani chini ya chungu cha maua, na chupa ya ua. Tena anauma mchana, wakati mtoto yuko sakafuni anacheza, wala si chini ya chandarua. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2010, 2014 na 2019. Mbu wake ni wa nyumbani, na tunaweza kumnyima pa kuzalia.

Jike hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Kutoka yai hadi mbu anayeruka, kwenye joto, ni siku saba hadi kumi hivi. Kwa hiyo kubadilisha maji mara moja kwa mwezi hakusaidii. Badilisha angalau mara moja kila wiki, siku ileile, mathalani kila Jumamosi.

Na kumwaga tu hakutoshi. Mayai yaliyonata ukutani huweza kukaa makavu kwa miezi na bado yakaanguliwa siku maji yakirudi. Sugua ndani ya chupa kwa brashi, hasa pale palipoishia maji. Maji ya zamani yamwage kwenye udongo mkavu nje, juani, viluwiluwi vife. Mdomo wa chupa uzibe kwa pamba au kitambaa kuzunguka shina.

Kisahani cha chini ya chungu kimwage nusu saa baada ya kumwagilia. Mbali na mbu, ua lenyewe halipendi kulowesha miguu.

Na ikitokea mtoto amepata homa kali ya ghafla, mpeleke akapimwe badala ya kukisia kwamba ni malaria. Kabla hajapimwa, dawa ya kushusha homa iwe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Epuka aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, kwa sababu kama ni dengue zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Udongo, maji na mbolea

Hapa sitakaa sana, kwa sababu watu huanzia hapa wakati panapaswa kuja mwisho.

Chungu kiwe na matundu chini. Udongo uwe mwepesi unaopitisha maji: sehemu mbili za udongo wa kawaida wenye rutuba, sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri, na sehemu moja ya mchanga mnene, pumba za mpunga au nyuzi za makumbi ya nazi. Udongo wa mfinyanzi mtupu hushika maji na kuozesha mizizi.

Kumwagilia hakuna ratiba ya siku. Ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Kukiwa kukavu, mwagilia hadi maji yatoke chini. Kukiwa na unyevu, acha. Majani yakigeuka njano mengi kwa pamoja na udongo umelowa, umezidisha. Maua mengi ya ndani hufa kwa kupendwa kupita kiasi kuliko kwa kiu.

Mbolea huja baada ya mmea kuanza kuchipua. Mboji kidogo juu ya udongo kila miezi miwili au mitatu inatosha. Ukitumia mbolea ya dukani ya kuchanganya na maji, anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kuzidisha hakulijazi ua, kunaunguza mizizi. Samadi mbichi isiingie ndani ya nyumba. Ina vijidudu na mayai ya minyoo, na mtoto anayechezea udongo atavipeleka mdomoni. Maji ya mchele, chai iliyobaki na soda huvuta nzi na ukungu, na hakuna hata kimoja kinachochukua nafasi ya mwanga.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo. Mbolea ya maji na dawa ya wadudu visihamishwe kamwe kwenye chupa ya soda, ya juisi au ya maji ya kunywa. Mtoto hasomi alama ya kalamu uliyoandika pembeni, anatambua chupa. Viache kwenye vyombo vyake vya asili, juu, mahali panapofungwa. Kokoto za rangi za kupambia chungu nazo ziondoe kama una mtoto wa chini ya miaka mitatu, zinakaba koo.

Kuhusu kusafisha hewa

Wauzaji hupenda kusema ua hili linasafisha hewa ya nyumba. Maneno hayo yana chanzo. Mwaka 1989 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilitoa ripoti iliyoonyesha mimea ya ndani ikipunguza baadhi ya kemikali hewani. Lakini majaribio hayo yalifanyika kwenye vyumba vidogo vilivyozibwa kabisa, si kwenye sebule yenye mlango na madirisha.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia tafiti za aina hiyo na kupiga hesabu. Walikuta kwamba ili mimea ifikie kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka kwenye jengo la kawaida, ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Hapo familia ingelala wapi?

Kwa hiyo penda ua lako kwa uzuri wake. Kwa hewa safi, fungua dirisha. Wala ua haliondoi moshi na gesi ya jiko la mkaa lililowashwa ndani. Jiko hilo ni la kutoa nje, hata kama una maua ishirini. Na wale wanaoogopa kwamba ua chumbani linamaliza hewa ya mtoto usiku, watulie: kiasi ambacho mmea wa chungu kimoja unapumua ni kidogo mno ukilinganisha na mtu mmoja aliyelala pembeni yake.

Miezi mitatu kwenye kalenda

Kwa anayetaka kuanza wikiendi hii, mpangilio ni huu.

Wiki ya kwanza, hamisha chungu kwenye mwanga na usikate chochote. Ondoa tu majani yaliyokufa na ufute vumbi.

Wiki ya tatu, jani jipya likianza kufunguka, ujue mmea umekubali mahali pake. Kata kamba ndefu kuliko zote karibu na udongo, gawanya vipande, vichomeke kwenye upara.

Wiki ya saba, vuta kipande kimoja taratibu kwa vidole viwili. Kikikataa kutoka, kimeshika mizizi. Sasa kata kamba ya pili. Ongeza mboji kidogo.

Kuanzia mwezi wa tatu, kila kamba ikivuka ukingo wa chungu kwa urefu wa kiganja mara mbili, ipunguze na urudishe kipande udongoni. Ukifanya hivyo kila baada ya wiki sita hivi, ua halitarudi kuwa kamba. Vipande vya ziada vitakuwa zawadi kwa jirani, ila mwambie na habari ya utomvu.

Watoto wa shule ya msingi wanaweza kushiriki. Wape kazi ya kugeuza chungu kila Jumamosi, kupima unyevu kwa kidole na kuhesabu majani mapya, kisha wanaosha mikono. Kukata iwe kazi ya mtu mzima. Kwa mtoto mdogo kuliko hapo, kama unataka naye awe na ua lake, mpandie mrehani kwenye kopo dirishani. Mrehani hukatwa ncha vilevile, hujaa kwa haraka zaidi, na jani lake likiingia mdomoni halina neno.

Kama leo huna nafasi ya kufanya lolote kati ya haya, fanya mawili yasiyozidi dakika kumi: shusha ile kamba inayoning'inia juu ya kichwa cha mtoto, na umwage maji ya kisahani. Mkasi unaweza kusubiri hadi Jumamosi.